Mlio Uliokuja na Mzigo

Kabla sijaeleza lililotukia, inanipasa nieleze hali ilivyokuwa, kwa maana fundi asiyejua gari limepita wapi hawezi kujua linalia kwa sababu gani.

Barabara ya kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea, katika miaka ya hamsini, ilikuwa kama barabara tatu zilizounganishwa. Ya kwanza ilikuwa mchanga mwepesi, unaopenya kila mahali penye nafasi ya unene wa kucha. Ya pili ilikuwa udongo mweusi, ambao kiangazi hupasuka na kuwa mgumu kama tofali, na masika hushika gurudumu lisitoke. Ya tatu ilikuwa kokoto nyekundu na mawe, nayo ilikuwa na mteremko mmoja mrefu uliokwisha kwenye kijito. Lori lililofanya safari hiyo mara mbili kwa wiki, likiwa na magunia ya ufuta, korosho na muhogo mkavu ya kupelekwa kwenye reli, lilipigwa kwa namna tatu wakati wa kwenda na kwa namna tatu wakati wa kurudi, na sehemu iliyopokea mapigo hayo kwanza ilikuwa ya mbele: magurudumu, ekseli, springi na vishikizo vyake.

Lori lenyewe lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Ruangwa, Bwana Sefu, mwenye duka, ghala na lori hilo moja tu. Dereva wake alikuwa Hassani Likanda, Mmwera wa Mbekenyera. Fundi nilikuwa mimi. Karakana yangu ilikuwa banda la mabati nyuma ya ghala, lenye shimo la kuingilia chini ya gari, meza, jiliwa la kubania chuma, na jeki mbili, ambazo moja ilipanda vizuri lakini ilishuka ilipotaka yenyewe.

Mimi si mtu wa Ruangwa. Nilizaliwa upande wa Liwale, Mngindo, mtoto wa mwalimu wa Kurani, na kabla ya kushika spana nilikuwa nimeshika kalamu ya tete miaka saba, nikisoma sarufi ya Kiarabu mbele ya baba yangu. Nilifika Nachingwea mwishoni mwa miaka ya arobaini, mashamba makubwa ya karanga yalipokuwa yakifunguliwa. Mafundi wa karakana ya huko tulikuwa wengi kiasi kwamba chakula cha mchana tulikula kwa zamu. Karanga hazikukubali. Mitambo ikapunguzwa, kisha watu wakapunguzwa. Nilisindikiza wenzangu stesheni, mmoja leo, watatu wiki iliyofuata, mpaka nikawa sina tena wa kumsindikiza. Ndipo Bwana Sefu aliponichukua Ruangwa, nami nikaahidi moyoni kwamba sitarudi kuitazama karakana ile ikiwa tupu. Kumbukeni ahadi hiyo, kwa maana iliharibu kazi kuliko kutu.

Ruangwa watu walizungumza Kimwera. Kiswahili walikijua cha sokoni na cha barazani kwa mkuu, nacho walikitumia nami kwa adabu na kwa ufupi, wakamaliza shauri na kurudia lugha yao. Sikuwalaumu. Jioni nilifunga banda, nikapika, nikala, nikafungua daftari. Daftari hilo niliandika kwa herufi za Kiarabu, kama nilivyofundishwa, na ndani yake hamkuwa na jambo lolote ila milio ya magari. Kila mlio niliuandikia upande, mwendo, namna ya barabara, na ugonjwa uliopatikana mwishoni. Nalisoma hata sasa. "Kishindo kikavu, kulia, mawe, mwendo mdogo: bushi ya springi imeliwa." "Mngurumo usiokoma, unazidi gari likipinda kushoto: beringi ya kulia." "Mlio wa kitanda cha kamba, kila shimo: mabapa ya springi yamekauka."

Ninyi vijana mna mashine za kuinua gari zima hewani, mkatembea chini yake kama watu walio barazani. Hata hivyo gari likifika kwenu likilia mbele, kanuni hazijabadilika, na nitawapa zile nilizozihakikisha kwa mikono yangu.

Inua gurudumu kwa jeki. Lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, usikimbilie kununua kitu. Mwambie mtu akanyage breki, ulitikise tena. Ikiwa mchezo umekwisha, ugonjwa uko kwenye beringi, kwa sababu breki imelifunga gurudumu pamoja na kiti chake. Ikiwa mchezo ungalipo, ugonjwa uko nyuma zaidi, kwenye pini ambayo gurudumu hugeukia linapokata kona. Kisha lishike kulia na kushoto. Likicheza hivyo, tazama viungo vya stelingi. Kama mlio ni wa kukwaruza na unasikika gari likiyumba polepole, mwagia springi maji na uliyumbishe tena. Mlio ukipotea kwa muda ambao maji hayajakauka, umepata mahali pakavu. Hakuna kanuni hata moja kati ya hizo inayohitaji kifaa ambacho maskini hana.

Aliyenifundisha hayo ni Fundi Mateo, Mmakua wa upande wa Masasi, aliyewahi kutengeneza magari ya jeshi huko Burma wakati wa vita. Sikio lake la kushoto lilikufa huko. Kwa hiyo alikuwa na ufito wa mpingo, mwembamba, urefu wa mkono mmoja, uliolainishwa kwa jasho la miaka. Gurudumu likizungushwa, aliukamata ufito kwa meno, na ncha ya pili akaigusisha kwenye ekseli, akafumba macho.

"Mti mwingine unakula sauti," aliniambia. "Mpingo hauli. Unaileta mpaka kwenye fuvu."

Mzungu mmoja msimamizi, alipomwona mara ya kwanza, alimuuliza, "Mateo, gari leo lina ladha gani?"

"Ladha ya beringi, bwana," akajibu pasipo kutoa ufito kinywani. Na ilikuwa beringi.

Makosa yangu ya mwanzo yalimfurahisha sana. Nilipata kufungua gurudumu moja siku mbili mfululizo, nikabadilisha beringi nzima kwa nzima, na mlio ukabaki vilevile: kakara, kakara, kila mzunguko. Siku ya tatu Fundi Mateo aliiondoa ile kofia ndogo ya bati inayofunika kitovu cha gurudumu, akaigeuza, ikadondoka kokoto moja. Saa ya chai nilipofikia mwisho wa kikombe changu, kokoto ile ilikuwa ndani yake.

"Kunywa polepole," alisema. "Hiyo ndiyo beringi yako mpya."

Lakini neno lake ambalo nililisikia mara nyingi kuliko yote, na ambalo nililiandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari, ni hili: fundi mchanga huuliza gari linalia nini, fundi mkubwa huuliza linalia wakati gani. Nililiandika kwa wino mwekundu. Mtu anaweza kuandika jambo kwa wino mwekundu na bado asilitende.

Nirudi kwa Hassani. Wangindo na Wamwera ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Katika Ruangwa nzima yeye peke yake ndiye aliyenitukana. Kila aliporudi kutoka Nachingwea alisimamisha lori mbele ya banda, akapiga honi ingawa aliniona dhahiri, na kuanza.

"We Mngindo! Masikio yote hayo, unayatumia kusikiliza au kupepea mchuzi?"

"Wamwera hamna mchuzi wa kupepea," nilimjibu. "Mnakula muhogo na maji ya kisima."

"Ndiyo maana tuna nguvu. Njoo ushikilie lori langu kwa mkono mmoja kama mimi, uone."

Kisha alikaa juu ya tairi kuukuu, akanywa chai yangu bila kuombwa, na kunipa habari za watu walioonekana stesheni, nani amekwenda Mtwara, nani amerudi. Nusu saa, labda zaidi kidogo. Sitaki kuzidisha: zilikuwa nusu saa mbili kwa wiki. Siku nyingine tano nilisikiliza nyundo yangu.

Hassani ndiye pia aliyeieneza habari yangu ya unga. Fundi Mateo alinifundisha kutafuta ufa wa chuma usioonekana kwa macho: futa chuma kwa mafuta ya taa, kikaushe vizuri kwa kitambaa, kisha kinyunyizie unga mweupe ulio laini. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari juu ya unga. Nachingwea tulitumia chokaa ya ubaoni. Ruangwa nilitumia unga wa muhogo, nikaununua kwa Mama Somoe sokoni.

"Mseja wewe, si ulinunua jana?" aliniuliza siku moja.

"Huu ni wa gari."

Mama Somoe alinitazama, akamtazama Hassani aliyekuwa nyuma yangu. Hassani akamwambia kwa Kimwera maneno ambayo sikuyafahamu, na soko zima likacheka. Tangu siku hiyo wanawake waliponiona waliniuliza kama lori limekula, na kama limeshiba. Ulikuwa mzaha pekee wa mji ule ambao nilikuwa ndani yake. Niliujibu kila mara kama mpya.

Sasa tukio lenyewe. Masika ya mwaka huo yalipokwisha, springi za mbele zilikuwa zikilia kwa mchanga kiasi cha kumkera Bwana Sefu aliyekuwa akilisikia lori lake kabla hajaliona. Nilifanya tulilolifanya Nachingwea kwa magari ya mashambani. Nilizipaka grisi, nikazifunga kwa vipande vya gunia vilivyolowekwa katika mafuta machafu ya injini, nikazishona kwa uzi wa katani, mshono mmoja karibu na mwingine, kama mtu anayeshona kanzu. Mchanga haukuingia tena. Kelele zilikwisha. Bwana Sefu alinisifu mbele ya wateja, na nakiri kwamba nilipita mara kadhaa kuutazama mshono wangu.

Miezi michache baadaye, katika Ramadhani, Hassani alirudi, akapiga honi, lakini alishuka kwa haraka kuliko desturi.

"Mngindo, kuna mtu anabisha hodi kwenye gurudumu la kushoto."

"Mkaribishe."

"Nimemkaribisha, haingii. Anabisha nikishuka ule mteremko, nina mzigo, nimekanyaga breki. Ngo! Halafu stelingi inavuta kushoto kidogo. Nikifika chini ananyamaza."

"Ni shetani wa Kimwera. Nyumbani kwenu hamkumchinjia jogoo."

Alicheka, nami nikacheka. Hiyo ndiyo hasara ya utani, na hakuna kitabu kinachoionya: neno la kweli huingia likiwa limevaa nguo ya mzaha, na mpokeaji huliketisha kwenye kiti cha mzaha.

Wiki mbili Hassani aliuteremka mteremko ule kwa mwendo wa mtu anayetembea. Akachelewa. Mara mbili alifika Nachingwea mizani ya stesheni imekwisha kufungwa, magunia yakalala nje. Bwana Sefu alikuja bandani asubuhi moja na kusimama mlangoni, Hassani akiwa pembeni yake.

"Fundi, dereva wangu anasema lori linagonga. Mimi nasema ana jamaa njiani anaokaa nao. Wewe umesoma, na husemi ovyo. Lipime. Likiwa bovu, tutalitengeneza. Likiwa zima, usukani nitampa mtu mwingine kabla ya msimu wa korosho."

"Bwana, alipime akiwa nami," alisema Hassani. Kisha akanigeukia. "Tupakie tu mzigo, twende Nachingwea pamoja. Utasikia mwenyewe. Saa chache tu, Mngindo."

Nilimjibu kwamba hapakuwa na haja. Nikasema kwamba wapakizi wamefunga, na si haki kuwapakiza magunia na kuwapakulisha kwa ajili ya kupima. Lilikuwa jibu zuri, lenye huruma na dini ndani yake, na Bwana Sefu aliitikia kwa kichwa kulikubali. Lakini halikuwa kweli. Mzigo wa siku ile ulikuwa uende vyovyote vile; nisingemwongezea mpakizi hata gunia moja. Kweli ni kwamba sikutaka kuipita ile karakana, milango yake ikiwa imefungwa kwa mnyororo, na kuyaona majani yameota mahali tulipokuwa tukila kwa zamu. Nilimkatalia mtu saa chache za safari kwa sababu ya majani.

Nikalipima lori uwanjani, likiwa tupu. Nililipima vizuri, na hapo ndipo penye aibu yangu. Niliinua gurudumu la kushoto, nikatikisa juu na chini, Hassani mwenyewe akikanyaga breki ndani. Nikatikisa kulia na kushoto. Nikazungusha, nikaukamata kwa meno ufito wangu wa mpingo, wa mfano wa ule wa Fundi Mateo, nikasikiliza beringi: safi kama maji. Nikachukua kamba, nikapima kutoka jicho la springi, lile tundu la ncha yake ya mbele, hadi katikati ya ekseli, upande wa kushoto na upande wa kulia, kwa kuwa ekseli iliyorudi nyuma huonekana hivyo. Kamba ilikuwa sawa pande zote, sawasawa hata kwa unene wa uzi. Springi zenyewe nilizitazama kwa nje. Zilikuwa ndani ya mshono wangu, nao ulikuwa mzima. Sikuona sababu ya kukata kazi yangu mwenyewe.

Nilikwenda dukani nikasema, "Lori halina ubaya."

"Kwa hiyo dereva ananidanganya?" aliuliza Bwana Sefu.

"Sikusema hivyo. Nimesema lori halina ubaya."

Nilijivunia uangalifu wa jibu hilo. Nilidhani nimetofautisha mambo mawili kama sarufi inavyotaka. Hassani alikuwa amesimama karibu na mizani ya duka. Alinitazama kwa muda, akingojea, nadhani, niongeze neno. Sikuongeza. Akaweka funguo za lori juu ya meza ya duka, akatoka.

Hakupiga honi, kwa kuwa hakuwa na gari la kupigia.

Dereva mpya alitoka Lindi na hakuijua barabara. Bwana Sefu aliniamuru nifuatane naye safari ya kwanza. Sikuwa na njia ya kukataa. Tulipakia magunia ya ufuta kutoka Chinongwe, tukaondoka asubuhi, na mpaka tulipofika kwenye mawe lori lilikwenda kimya. Dereva alikuwa mchangamfu, akaingia mteremko kwa mwendo, akakanyaga breki.

Ngo.

Ulikuwa mlio mzito, uliozibwa, kana kwamba mtu amepiga mlango kwa ngumi iliyofungwa kitambaa. Stelingi ikavuta kushoto.

"Kumbe kuna nini?" aliuliza dereva.

"Simamisha," nilisema. "Polepole. Usikanyage breki tena, tumia gia."

Tulisimama kwa kuegemea ukingo wa barabara. Nilijiingiza chini, nikatoa kisu, nikaukata mshono wangu kuanzia mbele. Mafuta na mchanga vilinimwagikia kifuani. Sikuhitaji unga. Bapa kuu, lile refu linaloibeba ekseli na kuishika isirudi nyuma, lilikuwa limekatika karibu na jicho lake la mbele, likishikiliwa na ukingo usiozidi upana wa kidole gumba. Sehemu iliyokatika ilikuwa inang'aa kwa kusagana. Ufa ulikuwa wa siku nyingi. Lori likiwa tupu, gunia langu na uzi wangu wa katani viliyabana mabapa kwa pamoja, na kamba ikasoma sawa. Lenye mzigo, likiteremka, breki zikishika, ekseli ilivutwa nyuma kwa nusu ya kidole, ikagonga, kisha ikarudi mahali pake. Mlio mkali ambao ungenishtua tangu mwanzo, gunia liliunyamazisha. Kama ukingo ule wa mwisho ungekatika kwenye mteremko, magurudumu yangegeuka yenyewe. Hassani alikuwa ameuteremka wiki mbili kwa mwendo wa mguu, na kwa sababu hiyo alikuwa hai.

Nilifunga springi kwa minyororo na kipande cha mbao ya mninga, tukafika Nachingwea jioni. Karakana tulipita mbele yake. Niliitazama. Ilikuwa kama nilivyodhani, wala si zaidi ya hapo.

Niliporudi nilimweleza Bwana Sefu kila jambo, na kuhusu safari niliyoikataa pia. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Huyu wa Lindi nitamtafutia kazi kwa ndugu yangu. Mwambie Hassani arudi baada ya Idi."

Ijumaa hiyo, baada ya sala, niliazima baiskeli nikaenda Mbekenyera. Nilimkuta Hassani akisafisha chini ya mikorosho pamoja na mama yake. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilimwita kwa sauti kubwa, kama desturi.

"We Mmwera! Hata jembe unalishika kama stelingi!"

Alisimama wima, akafuta mikono.

"Assalamu alaykum, Bwana Fundi," alisema. "Karibu. Pole kwa safari."

Hakuwahi kuniita Bwana Fundi. Tuliingia uani. Nilimweleza bapa, ufa, gunia, mshono. Nilimweleza kwamba Bwana Sefu anamwita. Alisikiliza bila kunikatiza hata mara moja, naye alikuwa mtu ambaye sentensi yangu hakupata kuiacha ifike mwisho.

"Nilikosea," nilisema.

"Mtu hukosea."

"Ungenitukana, basi."

Alitabasamu kidogo, kwa adabu. "Sikukwambia uniamini, Bwana Fundi. Nilikwambia twende."

Jua lilipokaribia kuzama mama yake alileta maji ya kunawa. Alikuwa mzee, Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na aliniuliza kwa kukipima kila neno, "Wewe ndiye mtani wake? Yule wa unga?"

Nilifungua kinywa nijibu, lakini Hassani alitangulia.

"Hapana, mama," alisema. "Huyu ni fundi wa Bwana Sefu."

Nilifuturishwa vizuri. Nilipewa korosho zilizobanguliwa za kwenda nazo. Hassani alinisindikiza mpaka barabarani, akaishika baiskeli nikipanda, akanitakia Idi njema.

Vijana wangu, mimi nimefundisha mafundi wengi baada ya hapo, na wote walipata kwangu kanuni za beringi, pini na springi, kwa mpangilio ule ule niliowapa ninyi hapo juu. Niliwaongezea mbili. Ya kwanza: mlio unaokuja na mzigo, usiupime bila mzigo. Ya pili: ukipima gari, anza na kazi uliyoifanya wewe mwenyewe, uikate, utazame chini yake, hata kama mshono ni mzuri. Walikuwa wakiniuliza jinsi nilivyozipata. Niliwaambia ni za Fundi Mateo.

Hassani hakurudi kwenye lori. Yule dereva wa Lindi alibaki, naye alikuwa dereva mwangalifu, asiyependa chai. Mwaka uliofuata mama yake Hassani alifariki. Habari ilinifikia sokoni, nikaenda Mbekenyera. Kwao na kwetu, mtani ana kazi zake msibani: huzuia jeneza njiani, hujilaza kaburini kabla ya maiti, hudai sahani na kuku, huwachekesha wafiwa pale wasipotaka kucheka. Kazi hizo zilifanywa na Mngindo mwingine, mchuuzi wa chumvi ambaye simjui. Mimi nilikaa kwenye mkeka wa wageni, nikasoma hitima pamoja nao, nikampa Hassani mkono wa pole, na alasiri nikarudi Ruangwa.